Namna ya kupata ufunguo wa arei ndani ya array_reduce ya PHP

Mzee anayetunza daftari la kikundi cha wakulima wa alizeti kule Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, aliitazama karatasi niliyomchapia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, jumla ya magunia umeipata sawa. Sasa mbona dereva wa Mlali umemlipa nauli ya Kibaigwa?"

Niliipitia programu yangu jioni nzima. Hesabu ilikuwa sahihi, majina yalikuwa sahihi, na PHP haikulalamika hata mara moja. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja mfupi niliouandika ili kupata jina la kijiji ndani ya `array_reduce`. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yeyote atakayefika pale nilipofika. Mfano ni ule ule wa magunia, ila namba nimezifanya ndogo ili uweze kuzihakiki kwa kalamu.

Hatua ya kwanza: elewa array_reduce inakupa nini

Arei (orodha ya data ndani ya programu) kwenye PHP ina pande mbili: ufunguo na thamani. Kwetu ufunguo ni jina la kijiji, thamani ni idadi ya magunia.

```php
$gunia = [
    'Kibaigwa' => 120,
    'Hogoro'   => 85,
    'Mlali'    => 120,
    'Sagara'   => 64,
];
```

`array_reduce` inapita kwenye arei kitu kimoja kimoja, na kila inapofika inaita fanksheni uliyoikabidhi. Fanksheni hiyo inapokea vitu viwili tu: matokeo yaliyokusanywa hadi hapo, na thamani ya sasa. Yale matokeo mimi huyaita `$kikapu`, kwa sababu ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Unatembea shambani na kikapu, unatia, unaendelea.

```php
$jumla = array_reduce(
    $gunia,
    fn ($kikapu, $idadi) => $kikapu + $idadi,
    0
);
// 389
```

Ile `0` ya mwisho ni kikapu cha kuanzia. Usipoiweka, kikapu kinaanza kikiwa `null`.

Kwa jumla ya magunia, hii inatosha. Lakini nauli inategemea kijiji, na jina la kijiji halimo kati ya vile vitu viwili. `array_reduce` haipitishi ufunguo, na hakuna swichi ya kuibadilisha tabia hiyo. Wanaotoka JavaScript huumia hapa kuliko wengine, maana kule `reduce` huipa fanksheni faharasa kama kitu cha tatu. Ukijaribu kuongeza kigeu cha tatu kwenye fanksheni ya PHP, programu inasimama papo hapo na hitilafu ya `ArgumentCountError`. Hiyo angalau ni nafuu, inakuambia umekosea. Njia zinazofuata hazikuambii.

Hatua ya pili: zijue njia zinazoonekana sawa na si sawa

Hizi ndizo nauli za gunia moja kutoka kila kijiji, kwa shilingi:

```php
$nauli = [
    'Kibaigwa' => 1000,
    'Hogoro'   => 2500,
    'Mlali'    => 2000,
    'Sagara'   => 3000,
];
```

Na huu ndio mstari ulionitia aibu mbele ya mzee:

```php
$gharama = array_reduce(
    $gunia,
    function ($kikapu, $idadi) use ($gunia, $nauli) {
        $kijiji = array_search($idadi, $gunia);
        return $kikapu + $idadi * $nauli[$kijiji];
    },
    0
);
// 644500
```

Wazo lilikuwa hili: thamani ninayo, basi niitafute kwenye arei nipate ufunguo wake. `array_search` inafanya hivyo hasa, lakini inarudisha ufunguo wa kwanza unaolingana na kuishia hapo. Kibaigwa na Mlali vyote vilileta magunia 120. Programu ilipofika Mlali ilitafuta 120, ikaikuta Kibaigwa, ikamlipa dereva wa Mlali shilingi 1,000 kwa gunia badala ya 2,000. Jibu sahihi ni 764,500. Pengo ni 120,000, fedha ya mtu aliyeamka alfajiri kupakia.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linangoja. Ukijaribu programu kwa data ambayo thamani zote ni tofauti, kila kitu kitapita. Siku vijiji viwili vikilingana ndipo utakapoitwa. Halafu ni polepole pia: kwa kila kitu kimoja unaipekua arei upya tangu mwanzo.

Njia ya pili isiyofaa ni kuita `key($gunia)` ndani ya fanksheni, ukidhani itakupa ufunguo wa pale ulipofika. Arei ya PHP ina kielekezi chake cha ndani, ni kweli, na `key` hukisoma. Ila `array_reduce` haikisogezi kielekezi hicho. Utapata "Kibaigwa" mara nne.

Ya tatu ni kuhesabu mwenyewe kwa kigeu cha nje, `use (&$i)`, unaongeza moja kila mara. Kwa arei ambayo funguo zake ni 0, 1, 2 kwa mpangilio, inafanya kazi. Kwa arei yetu ya vijiji hesabu hiyo inakuambia "wa tatu", haikuambii "Mlali". Na hata arei ya namba, ukishaipitisha kwenye `array_filter`, inabaki na mapengo kwenye funguo zake, na hesabu yako haiendani nazo tena.

Hatua ya tatu: zungusha funguo, si thamani

Ufumbuzi ninaoutumia siku zote ni kugeuza upande. Kutoka kwenye thamani huwezi kurudi kwenye ufunguo kwa uhakika, kwa kuwa thamani zinaweza kujirudia. Kutoka kwenye ufunguo unafika kwenye thamani bila shaka yoyote, kwa kuwa ndani ya arei moja ufunguo haujirudii. Basi ipe `array_reduce` funguo.

```php
$gharama = array_reduce(
    array_keys($gunia),
    fn ($kikapu, $kijiji) => $kikapu + $gunia[$kijiji] * $nauli[$kijiji],
    0
);
// 764500
```

`array_keys` inatoa arei mpya yenye majina ya vijiji. Sasa "thamani ya sasa" anayopewa fanksheni ni jina lenyewe, na idadi unaichota kwa `$gunia[$kijiji]`. Fuatisha kwa kalamu: Kibaigwa 120,000, Hogoro 212,500, Mlali 240,000, Sagara 192,000.

Alama ya `fn` ilikuja na PHP 7.4, mwaka 2019, na uzuri wake ni kwamba inaviona vigeu vya nje yenyewe. Ukiwa kwenye seva ya zamani, au fanksheni yako ina mistari zaidi ya mmoja, tumia `function` na uvitaje vigeu kwa `use`:

```php
$msafara = array_reduce(
    array_keys($gunia),
    function (array $kikapu, string $kijiji) use ($gunia) {
        $gari = $gunia[$kijiji] >= 70 ? 'fuso' : 'kenta';
        $kikapu[$gari][] = $kijiji;
        return $kikapu;
    },
    []
);
```

Hapa kikapu kinaanza kikiwa arei tupu, na mwisho unapata vijiji vitatu chini ya `fuso` na Sagara peke yake chini ya `kenta`. Angalia `return $kikapu`. Ukiisahau, fanksheni inarudisha `null`, na mzunguko unaofuata unaanza na kikapu kilichotobolewa. Kwa kuwa nimeandika `array $kikapu`, PHP italalamika mara moja. Ndiyo sababu napenda kuandika aina ya kigeu hata pale isipolazimika.

Wengi huniuliza kama kuingiza `$gunia` kwa `use` hakurudufu arei nzima kwenye kumbukumbu. Hapana. PHP haitengenezi nakala mpaka mmoja wa wanaoishika aibadilishe, na sisi tunaisoma tu. Kinachoongezeka ni ile orodha ya funguo.

Mbinu hii inakupa pia kitu ambacho thamani peke yake isingekupa: jibu likiwa ni ufunguo. Kijiji kipi kimeleta magunia mengi kuliko vingine?

```php
$kinara = array_reduce(
    array_keys($gunia),
    fn ($kikapu, $kijiji) =>
        $kikapu === null || $gunia[$kijiji] > $gunia[$kikapu]
            ? $kijiji
            : $kikapu
);
// 'Kibaigwa'
```

Sikuweka kikapu cha kuanzia kwa makusudi, ili `null` imaanishe "bado sijaona kijiji". Kibaigwa na Mlali wamelingana, na alama ya `>` inampa ushindi aliyetangulia kwenye orodha. Ukiandika `>=` anashinda Mlali. Kama kuna zawadi inayotolewa, uamuzi huo si wa mwandika programu. Waulize wenye kikundi kwanza.

Hatua ya nne: ikibidi, funga jozi

Wakati mwingine hutaki fanksheni yako iitegemee arei iliyo nje yake. Hapo unaweza kufunga ufunguo na thamani yake pamoja kabla ya kuanza:

```php
$gharama = array_reduce(
    array_map(null, array_keys($gunia), $gunia),
    function (int $kikapu, array $jozi) use ($nauli) {
        [$kijiji, $idadi] = $jozi;
        return $kikapu + $idadi * $nauli[$kijiji];
    },
    0
);
```

`array_map` ikipewa `null` mahali pa fanksheni na arei mbili, inaziunganisha bega kwa bega: `['Kibaigwa', 120]`, `['Hogoro', 85]`, na kuendelea. Inafanya kazi vizuri. Mimi naitumia mara chache, kwa sababu msomaji anayekuja baada yako lazima asimame aitafakari ile `null`.

Hatua ya tano: jiulize kama foreach haitoshi

Nitasema wazi ninachokiamini. Mara nyingi jibu bora ni hili:

```php
$gharama = 0;
foreach ($gunia as $kijiji => $idadi) {
    $gharama += $idadi * $nauli[$kijiji];
}
```

Ufunguo upo, thamani ipo, hakuna `use`, hakuna kikapu cha kurudisha. Nimewafundisha vijana hapa Dodoma, na wapo wanaoiona lupu ya `foreach` kuwa ya wanaoanza, na `array_reduce` kuwa ya waliokomaa. Sikubaliani nao. Mwenye kuja kurekebisha programu hiyo baada ya mavuno mawili ataielewa hii kwa kuitupia jicho. `array_reduce` inastahili pale unapotaka usemi mmoja unaorudisha jibu, kwa mfano ndani ya `return` au kama kipande cha mnyororo wa fanksheni, au pale fanksheni ya kukusanya inapopitishwa kutoka nje.

Ipo pia `array_walk`, ambayo huipa fanksheni thamani kwanza na ufunguo wa pili. Ila yenyewe haikusanyi chochote. Inabidi utumie `use (&$gharama)`, na ukiisahau alama ya `&` jumla inabaki sifuri bila onyo. Sioni inachokuzidishia juu ya `foreach`.

Hatua ya sita: tengeneza fanksheni yako mara moja

Kama programu yako inahitaji ufunguo kila mahali, andika fanksheni moja ndogo na uiite popote:

```php
function kusanya(iterable $vitu, callable $kazi, mixed $kikapu = null): mixed
{
    foreach ($vitu as $ufunguo => $thamani) {
        $kikapu = $kazi($kikapu, $thamani, $ufunguo);
    }
    return $kikapu;
}

$gharama = kusanya(
    $gunia,
    fn ($kikapu, $idadi, $kijiji) => $kikapu + $idadi * $nauli[$kijiji],
    0
);
```

Inahitaji PHP 8, kwa ajili ya `mixed`. Neno `iterable` linakuruhusu kuipa si arei tu bali hata jenereta, yaani fanksheni inayotoa vitu kimoja kimoja, kwa mfano inayosoma faili kubwa mstari kwa mstari. Hilo lina faida ambayo sikuitegemea. Kijiji kinacholeta mzigo asubuhi na kurudi jioni kinaonekana mara mbili kwenye daftari. Ukikitia kwenye arei kwa jina lake, mzigo wa jioni unafuta wa asubuhi. Jenereta inaweza kutoa ufunguo ule ule mara mbili, na `kusanya` itaihesabu mizigo yote miwili.

Tahadhari moja, na nakuomba uijaribu mwenyewe ili ikukae. `array_reduce($gunia, 'max', 0)` inarudisha 120, sawasawa. Andika sasa `kusanya($gunia, 'max', 0)`. Katika PHP 8 utajibiwa `'Sagara'`, kijiji chenye magunia machache kuliko vyote. `max` hupokea vitu vingi kadiri unavyoipa, kwa hiyo imelinganisha na jina la kijiji pia. Namba ikilinganishwa na maneno yasiyo namba, vyote viwili huchukuliwa kama maneno, na herufi zinakuja baada ya tarakimu. Basi `kusanya` ipe fanksheni ulizoandika mwenyewe, si zile zilizojengwa ndani ya PHP.

Anayetumia Laravel, mfumo wa kujengea programu za PHP, ana bahati: `reduce` ya mikusanyo yake (collections), katika matoleo ya sasa, hupitisha ufunguo kama kitu cha tatu.

Hatua ya saba: chunga funguo zinazofanana na namba

Kikundi kilipoanza kutumia namba za wanachama badala ya majina ya vijiji, nilikutana na jambo jingine. PHP ikikuta ufunguo ulioandikwa kama maneno lakini ni namba kamili ya kawaida, inaugeuza kuwa namba. `'417'` inakuwa `417`. Lakini `'0417'` inabaki maneno, kwa sababu ya sifuri iliyotangulia. Vivyo hivyo simu: inayoanza na `255` inageuka namba kwenye kompyuta ya biti 64, inayoanza na `07` au `+255` haigeuki.

Madhara yake ndani ya fanksheni ni mawili. Kwanza, ulinganisho wa `$namba === '417'` unakuwa si kweli, na ukiwa umewasha `strict_types` (ukaguzi mkali wa aina za vigeu) na kutumia `kusanya`, fanksheni inayodai `string` inakataa kabisa. Igeuze kwa `(string) $namba` pale mwanzoni. Pili, na hili ndilo baya zaidi, watu hupenda kujenga kikapu kwa `array_merge`:

```php
return array_merge($kikapu, [$namba => $malipo[$namba]]);
```

`array_merge` huzipanga upya funguo zote za namba kuanzia sifuri. Mwanachama 417 anakuwa mwanachama 0, na malipo yake hayana mwenyewe tena. Andika hivi:

```php
$kikapu[$namba] = $malipo[$namba];
return $kikapu;
```

Inatunza ufunguo kama ulivyo.

Hatua ya nane: ijaribu kwa data yenye shari

Kabla ya kumpelekea mtu karatasi, tengeneza arei ndogo ya majaribio yenye mambo matatu. Thamani mbili zinazolingana, ili kunasa kosa la `array_search`. Ufunguo mmoja wa tarakimu tupu, ili kunasa kuhesabiwa upya. Na arei tupu kabisa, kwa sababu siku ya mvua hakuna gari linalofika sokoni, na `array_reduce` juu ya arei tupu inarudisha kikapu cha kuanzia kama ulivyokiweka, au `null` kama hukuweka.

```php
function gharama(array $gunia, array $nauli): int
{
    return array_reduce(
        array_keys($gunia),
        fn ($kikapu, $k) => $kikapu + $gunia[$k] * $nauli[$k],
        0
    );
}

var_dump(gharama(['Mlali' => 5, 'Sagara' => 5], $nauli)); // int(25000)
var_dump(gharama(['417' => 3], ['417' => 1500]));         // int(4500)
var_dump(gharama([], $nauli)); // int(0)
```

Ondoa ile `0` ya mwisho ndani ya `gharama` uendeshe tena. Mistari miwili ya kwanza itapita kama kawaida. Wa tatu utaanguka, kwa kuwa fanksheni imeahidi namba na imepata `null`.